Gauni la Dirishani

Shangazi hakuwahi kuutundika mkoba wake ndani ya duka. Kabati lilikuwapo, lina kufuli na kila kitu, na wifi yake aliwahi hata kumpigilia msumari wake peke yake juu ya mashine ya kushonea. Lakini kila asubuhi aliuning'iniza mkoba kwenye kitasa cha mlango wa mbele, kwa ndani, mahali ambapo kila mteja aliyeingia alipigwa nao kiunoni.

"Shangazi, wewe umefika au unapita?" wateja waliomzoea walimtania.

"Napita," alijibu, pini amezibana midomoni. "Inua mkono nikupime."

Alikuwa akipita tangu Chiriku, binti wa kaka yake, yuko mgongoni. Kaka yake alipofariki, mjane wake alibaki na mtoto wa kunyonya na vyumba viwili juu ya duka tupu. Shangazi akaja na mkoba huo mmoja kumshika wifi yake mkono, mwezi mmoja tu, mpaka apate pumzi. Nyuma yake aliacha chumba cha kupanga katika mji wa vilimani, na cherehani aliyoiweka kwa rafiki yake. Rafiki huyo alikuwa akimwita Somo, na wawili hao walikuwa wakishona sare za shule, wakicheka kutwa, wakigombana kuhusu vifungo.

Mwezi haukuisha. Jirani mmoja alikuwa anaoza binti, akaja kuuliza kwa aibu kama mjane angemkodisha gauni lake la harusi, lile la mkia mrefu lililosemwa mtaa mzima. Mama yake Chiriku alilia, kisha akalitoa. Shangazi akalipiga bandi, mshono wa muda, ubavuni, akalipunguza bila kulikata, na likarudi zima. Akaja mwingine, mnene. Shangazi akafumua bandi, akalitanua. Akaja mwingine. Kabla watu hawajajua kinachoendelea, duka lililokuwa tupu likawa na sanamu dirishani, na sanamu ikawa imevaa gauni lile, na Mama akawa anaitwa Madamu na watu waliomzidi umri.

Chiriku alikulia chini ya meza ya kukatia. Jina hilo alipewa na Shangazi kwa sababu alikuwa mtoto wa kusema bila kumeza mate, akiwasimulia maharusi habari za maharusi waliotangulia, pamoja na zile zisizopaswa kusimuliwa. Alipokua akanyamaza. Hakuna aliyejua hasa ni lini. Jina lilibaki tu, kama kibao cha duka lililobadilisha biashara.

Kazi yake dukani ilikuwa kupiga pasi, kupanga shela, na kumpa Shangazi pini. Alisimama nyuma ya pazia akisikiliza maneno yaleyale kila siku, na ingawa aliyajua kwa moyo, hakuyachoka.

"Hawa wote ni wako?" Shangazi alimwuliza bibi harusi mmoja, karani wa benki, aliyeingia na mama, dada, bibi, na marafiki waliojaza makochi yote. "Huu ni msafara wa kununua gauni au wa kwenda kumtoa mtu kizuizini?"

"Wamekuja kunisaidia kuchagua, Shangazi."

"Watakusaidia kuchanganyikiwa. Kuchagua gauni njoo na mtu mmoja. Awe anakupenda, lakini si sana. Anayekupenda sana atalia ukivaa hata gunia." Makochi yalicheka. "Viatu vya siku hiyo umeleta? Hukuleta. Basi leo tunajaribu tu, hatupimi pindo. Pindo bila kiatu ni kupima maji kwa kidole."

Karani alitaka gauni lililombana. Alisema atapungua kabla ya siku yenyewe.

"Mwanangu, chukua gauni la mwili uliokuja nao. Ule unaoutarajia hauna miguu, haujaingia dukani." Akaligeuza gauni ndani nje, akampitisha kidole kwenye mishono. "Tazama hapa kwanza. Gauni ni kama mchumba, nje kila mmoja ni mzuri. Hapa ndani ndipo utajua kama limeshonwa na mtu mwenye haraka. Sasa twende mlangoni kwenye jua. Taa za dukani zina adabu, zinasifia kila kitu. Jua halijui adabu. Unaona? Ulisema ni jeupe. Hili ni la rangi ya maziwa, na shela uliyoshika ni ya chaki. Kwenye picha vitaonekana kama watu wawili wasiosalimiana."

Bibi wa karani, aliyekuwa kimya kwenye kochi, akatikisa kichwa. "Mie nawaambia siku zote, nguo ya kuazima haisitiri maungo."

"Hii si ya kuazima, bibi, ni ya kukodi. Inasitiri mpaka Jumatatu asubuhi."

Na mwishoni, kabla hajafunua kitambaa kilichofunika kioo, Shangazi alivuta kiti kisicho na mikono. Karani aliinua mikono juu kama anacheza, akainama kama anamnyanyua mtoto, kisha akaambiwa: "Keti." Maharusi wote waliketi. Gauni lisiloketi, Shangazi alisema, si nguo, ni bango. Halafu lilikuja swali la mwisho, "Unapumua?", na hapo hakutazama uso, alitazama mabega. Mama mtu akidakia kwamba mwanawe anapumua vizuri tu, Shangazi alimjibu bila kugeuka:

"Muulize mwenye mwili."

Gauni moja tu halikupewa kiti, lile la dirishani. Lilifungwa mgongoni kwa kamba, tundu kwa tundu, kazi ya mtu wa pili kwa kulivaa na kwa kulivua, na kiuno chake kilikuwa kimejaa shanga kiasi kwamba lilisimama hata likiwa tupu. Mama alikataza. "Hilo la kusimamia," alisema, na wateja walicheka wakidhani ni utani, mpaka bibi harusi mmoja alipokesha sherehe nzima amesimama kama askari wa lango, keki akalishwa wima. Mama alilipenda gauni hilo kwa namna iliyomfanya Chiriku asiliguse bila kuambiwa. Ndilo lililomlea. Tangu utotoni alijua pia kwamba siku moja litakuwa lake, kama mtu anavyojua atarithi pua ya baba.

Mchumba wake alikuwa fundi umeme. Alikuja kutengeneza taa ya dirishani iliyokuwa ikipepesa, akarudi kuitengeneza tena ingawa haikuharibika, na Shangazi akasema taa ile sasa imetengenezwa vya kutosha, alete posa. Mama hakupinga. Alipenda kijana mwenye kazi ya mikono. Jambo ambalo Mama hakulijua ni kwamba fundi umeme alikuwa ameajiriwa katika kiwanda kipya, mji mwingine, safari ya siku nzima, na kwamba Chiriku alikuwa amemwambia ndiyo, tutaenda.

"Umeshamwambia?" fundi umeme aliuliza kila walipoonana.

"Bado."

"Unangoja nini?"

Alikuwa anangoja pumzi. Kila asubuhi alishuka ngazi na maneno yamejipanga mdomoni, na kila asubuhi alimkuta Mama ameshika ncha ya kaunta kwa mikono miwili akimwambia, "Mwanangu, bila wewe hapa ningekuwa wapi," na maneno yakarudi yalikotoka. Duka lilikuwa na mlango mmoja. Dirisha lote lilizibwa na mkia wa gauni. Chumba cha kujaribia, cha kupigia pasi na cha kulala vilinuka kitu kimoja, wanga na kitambaa kipya, na zipo siku alijihisi ametundikwa humo pamoja na mengine, ndani ya mfuko wa nailoni, akisubiri jina lake lisomwe.

Kisha maji yakazidi unga. Mchana mmoja Shangazi alimwita ghalani, amechangamka asivyozoea, simu ameiweka sauti ya juu. Somo alikuwa upande wa pili.

"Mwambie mwenyewe," Somo alisema akicheka. "Mwambie cherehani yako naipaka mafuta mwaka hadi mwaka kama mtoto mchanga. Sasa nimepata banda kubwa, shule mbili zimeniomba sare. Mwenzangu, njoo, tufe tukigombana."

Simu ilipokatika Shangazi alimshika Chiriku mabega. "Nimezungumza na mama yako. Kakubali. Harusi yako ikipita, naondoka. Amesema wewe sasa unaijua kazi, utashika nafasi yangu." Akacheka, akafuta jicho kwa futi ya kupimia. "Mimi nilikuja kwa mwezi mmoja, Chiriku. Mwezi gani huu usioandama?"

Chiriku alimkumbatia. Alisema, "Hongera, Shangazi." Kila akimtazama baada ya hapo aliona mlango mdogo ambao watu wawili hawawezi kuupita, na mmoja wao alikuwa amempa maisha yake yote.

Jumapili, duka likiwa limefungwa, Mama aliliteremsha gauni kutoka dirishani kwa mikono yake mwenyewe. Walikuwa watatu tu. Jua liliingia kupitia mianya ya vibao vya dirisha, likachora mistari juu ya zulia.

"Nimeshamaliza chumba cha juu," Mama alisema, akimsaidia Chiriku kuingiza kichwa. "Kimepakwa rangi. Fundi umeme atashuka ngazi aende kazini kwake, wewe utashuka uingie kazini kwako. Wangapi wana bahati hiyo?"

Chiriku alitoa mikono. Shangazi alianza kukaza kamba mgongoni, tundu kwa tundu, na vidole vyake vilikwenda taratibu kuliko kawaida. Mara mbili alisimama na kupapasa mshono wa ubavuni. Aliujua mshono ule kuliko mtu yeyote duniani. Kila bandi aliyoipiga na kuifumua iliacha alama za sindano, na kitambaa ubavuni kilikuwa kimetobokatoboka kama sahani ya chujio.

"Kaza, wifi," Mama alisema. "Mbona kama unafunga mboga?"

"Nakaza."

"Mungu wangu. Kama mimi siku ile." Mama alirudi nyuma hatua kadhaa, kichwa amekiinamisha upande, kama afanyavyo siku hizi akitaka kuona kitu. "Wifi, si limemkaa?"

"Muulize mwenye mwili."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nakwambia muulize yeye."

"Limenikaa, Mama," Chiriku alisema.

Shangazi alizunguka akasimama mbele yake. Alimtazama mabega. "Unapumua?"

"Napumua."

"Mabega yako yako masikioni."

"Napumua, Shangazi."

Chiriku alimsihi kwa macho amalize. Kulikuwa na mtu mmoja katika chumba kile aliyekuwa na faida ya kuuamini uongo ule, na mtu huyo, Shangazi, akageuka, akaenda pembeni, akavuta kiti kisicho na mikono, akakiweka kwenye mwanga.

"Keti."

"Wifi!" Mama alipaza sauti. "Hilo la kusimamia, unajua!"

"Maharusi wote huketi. Huyu ni bibi harusi au ni sanamu?"

"Nimesema hapana."

"Basi na aseme yeye hapana. Keti, mwanangu. Au sema huwezi. Moja kati ya hayo mawili."

Chiriku alifungua mdomo kusema hawezi. Hakikutoka kitu. Hivyo akaketi, kwa sababu kuketi kulikuwa rahisi kuliko kusema, na gauni lililosimama dirishani miaka yote hiyo likaachia ubavuni, kutoka kwapani hadi nyongani, kwa sauti ndefu na kavu. Shanga zikamwagika. Ziliruka kila mahali, zikagonga kioo, zikabingirika chini ya makochi. Na hewa ikamwingia Chiriku kifuani kwa kishindo, akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, kama chiriku wa zamani, bila kumeza mate:

"Mama, siwezi kupumua humu, na chumba cha juu sikitaki, fundi umeme kapata kazi kiwandani, mji mwingine, nimemwambia tutaenda, nimeshindwa kukwambia tangu mwezi uliopita. Mama, nisamehe. Nataka kwenda."

Mama alikuwa amepiga magoti juu ya zulia anaokota shanga. Chiriku alishuka naye chini, gauni limemfunguka, akasema tutazishona, Mama, tutazishona zote. Ndipo alipoona. Mama alikuwa akipapasa. Kiganja chake kilipita juu ya shanga zilizong'aa kwenye mstari wa jua, kikaziacha, kikakusanya nyuzi na vumbi, na vumbi hilo alilitia mfukoni kwa uangalifu, moja moja, kama shanga.

"Mama, huzioni?"

"Naziona."

"Hizi hapa, Mama. Mbele ya mkono wako."

"Nimesema naziona!" Kisha akaketi kwenye zulia. "Daktari alisema macho yataendelea kufifia. Alisema polepole. Sikutaka watu wajue. Nani atampa gauni lake mtu asiyeona sindano?" Akageuza uso kuelekea kiti, ambako hakukuwa na mtu. "Ndiyo maana nikasema mtoto abaki. Wewe wifi nimekutumia vya kutosha, hata mimi nina haya. Nikasema mtoto wangu atakuwa macho yangu."

Chiriku alihisi kamba zinakazwa upya, tundu kwa tundu, ingawa gauni lilikuwa wazi. Akasema, "Basi, Mama, mimi nita..."

"Nyamaza!" Shangazi alisema.

Hakuwahi kumfokea hivyo tangu utoto.

"Umesema mara moja, inatosha. Usianze kufumua ulichoshona." Alikaa kwenye kile kiti yeye mwenyewe, taratibu. Alionekana mzee ghafla. Alimtazama wifi yake chini pale, na mfuko uliojaa vumbi, kwa muda mrefu. "Wifi, na mtu wa kukodi je? Fundi wa nje?"

"Mtu wa nje atanisomea rangi ya nyuzi? Ataniambia ukweli mteja akilia? Ataniibia wiki ya kwanza."

"Nilijua utasema hivyo," Shangazi alisema. "Nilijua kabla sijauliza."

Uamuzi wa Shangazi wa kubaki haukuwa huruma tupu, na hakuufanya uonekane hivyo. Siku tatu hakuzungumza na Chiriku ila kwa mambo ya pini. Siku ya nne, wakifumua kamba za gauni lililokufa, alisema bila kuinua kichwa:

"Ningekuacha na uongo wako, ningekuwa nafunga mizigo sasa hivi."

"Kwa nini basi ulinikalisha?"

"Sijui. Mazoea ya kazi." Alivuta uzi, ukakatika. "Nimewaambia watu wengi sana waseme, Chiriku. Watoto wa watu. Ningekuja kushindwa kwa wa kwetu?" Baada ya muda akaongeza, kwa ukali, "Na usinishukuru. Ukinishukuru nitakuchoma sindano."

Somo alipigiwa simu mchana, kati ya mteja mmoja na mwingine. Chiriku alikuwa anapiga pasi, akasikia upande mmoja tu. "Hapana, si mwakani. Wape wengine cherehani, ichakae kwa kazi." Akavuta kamasi. "Silii, nina mafua."

Gauni Chiriku alilichagua mwenyewe, kutoka reli ya nyuma ambayo wateja hawafiki. Lilikuwa la zipu, halina mkia, mikono mifupi. Aliligeuza ndani nje akatazama mishono, akalipeleka mlangoni juani, akaketi nalo kwenye kiti, akainuka, akaketi tena. Mama alipitisha kiganja mgongoni, akaifuata zipu toka juu hadi chini. "Unaweza kujifungua mwenyewe," alisema. Haikujulikana kama ni sifa au lawama. Harusi ikawa, watu wakala, na aliyetaka kujua gauni maarufu la Madamu liko wapi aliambiwa limestaafu.

Siku ya kuondoka, gari la kiwanda lilisimama mbele ya duka, godoro limefungwa juu. Mama alimshika Chiriku uso kwa viganja vyote viwili, akamsoma paji, pua, kidevu, akarudi ndani kwa kushika ukuta. Shangazi alitoka na futi shingoni. Ndani bibi harusi mgeni alikuwa tayari amesimama juu ya sanduku la kupimia, nusu amevaa, akimwita: "Shangazi, linanibana hapa!"

"Nakuja, usipumue kwa hasira!" alimjibu.

Fundi umeme aliwasha gari. Chiriku, ameshaketi ndani, alimshika Shangazi mkono kupitia dirisha la gari. Alikuwa na mengi ya kusema, na sasa sauti alikuwa nayo, lakini aliloweza kulisema lilikuwa moja tu.

"Shangazi, na wewe utaondoka lini?"

Shangazi alimtengeneza kola ya blauzi, akaondoa uzi mweupe begani.

"Ukinipigia simu," alisema, "usiniulize naondoka lini. Niulize nimekula nini."